Siku Moja Maishani Mwangu: Kengele Ambayo Nahodha Hakuisikia

Mimi ni fundi wa umeme wa boti hapa Amu, yaani Lamu. Saa 12:15 asubuhi simu iliita kabla sijamaliza hamri la kwanza, na aliyepiga alikuwa nahodha mmoja mtu mzima, ambaye mimi humwita Ami kwa heshima ya umri wake. Boti yake ya mbao, yenye mashine ya dizeli katikati, hubeba abiria na mizigo kati ya Amu na Mtangawanda, kisiwani Pate. Mwezi uliotangulia mfuko wa plastiki uliziba tundu la kuingizia maji ya kupozea mashine walipokuwa wakipita mlango wa bahari wa Mkanda, gasketi ya silinda hedi ikaungua, na abiria wakabaki juani wakisubiri boti ya kuwakokota. Fundi aliyeitengeneza mashine aliapa kwamba kengele ya joto ni nzima. Ami naye aliapa kwamba haikulia.

"Njoo utuamue, mwanangu," aliniambia.

Saa 1:30 nilikuwa gatini. Niliwasha ufunguo bila kustati mashine, kwa sababu mashine iliyozimwa haina presha ya oili, na swichi ya presha ikikosa presha huunganisha njia ya umeme, hivyo kengele, ambayo ni moja kwa oili na joto, inapaswa kulia papo hapo. Ililia, kwa sauti nyembamba kama ya nyenje. Kisha nikachomoa waya wa swichi ya oili, kengele ikanyamaza; nikachomoa na wa swichi ya joto na kuugusisha kwenye chuma cha mashine, taa ya joto ikawaka na kengele ikalia tena. Fundi mwenzangu hakusema uongo.

Nilimgeukia Ami, aliyekuwa ameketi tezi, nyuma ya boti, ameshika kana, mkono wa usukani, hatua kama sita kutoka nilipokuwa.

"Umeisikia, Ami?"

"Nisikie nini, na hujaiwasha mashine?"

Baharia wake, kijana mdogo, alicheka, kisha akanyamaza ghafla. Bandari ilikuwa kimya na kengele ilikuwa bado inalia.

Kengele ndogo za namna hii mara nyingi hutoa sauti ya mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, na sauti za juu namna hiyo ni miongoni mwa zile zinazotangulia kupotea katika sikio la mtu aliyekaa miaka mingi kando ya mashine. Mimi nilizisikia vizuri. Ndiyo maana fundi akipima kwa masikio yake mwenyewe hudanganyika. Juu ya hayo, kengele ilikuwa ndani ya kasha la mashine, na tundu lake lilikuwa limezibwa kwa tepu nyeusi. Baharia alikiri kwamba yeye ndiye aliyeziba, kwa kuwa kelele yake ya kila asubuhi ilimkera.

Saa 3:00 nilivuka hadi Mokowe, upande wa bara, kutafuta honi ya gari, kifaa ambacho mtu hakitarajii katika mji wa punda kama Amu. Honi hutoa sauti nzito zaidi, mitetemo kama 400 kwa sekunde, na nguvu yake ni kubwa kiasi cha kuushinda mngurumo wa dizeli.

Kuanzia saa 5:00 hadi saa 8:00, nikiacha kusali na kula wali, nilikuwa nimeinama ndani ya kasha. Honi hula umeme wa ampia 4 hivi, ilhali swichi ya presha imetengenezwa kwa ajili ya taa ndogo tu, na ukiunganisha moja kwa moja utaiunguza. Kwa hiyo niliweka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: miguu 85 na 86 niliiunga sambamba na kengele ya zamani, mguu 30 nikauletea umeme wa betri kupitia fyuzi, na mguu 87 ukaenda kwenye honi. Viungo vyote nilivipaka grisi, maana chumvi haimsamehi fundi mvivu. Honi niliifunga kwenye nguzo ya turubai, mdomo ukiangalia chini ili maji yasituame ndani, hatua mbili kutoka kwa nahodha wala si sikioni pake, nisije nikammalizia usikivu uliobaki.

Saa 9:30 tulitoka kuelekea Shela, upepo wa kusi ukipiga turubai, mashine ikienda kwa nguvu zote. Bila kumwambia Ami niliugusisha waya wa joto kwenye chuma. Honi ilinguruma, naye akageuka nyuma kutazama ni boti gani inayotaka kumpita.

Nilikiri kosa langu: honi ya mfululizo ilisikika kama ya boti nyingine. Katika kisanduku changu mlikuwa na flasha ya indiketa niliyoing'oa kwenye pikapu kuukuu, nikaiunga kati ya rilei na honi ili sauti iwe ya kukatika-katika. Tulipojaribu tena saa 10:45, Ami alipunguza moto papo hapo na kuuliza, "Oili au maji?"

Nilimwonyesha taa mbili: ya oili ikiwaka, zima mashine bila kungoja; ya joto ikiwaka, punguza moto na utazame kama ekzosi inatoa maji.

Tulipokuwa tukifunga kamba gatini, baharia aliniomba nimwekee swichi ya kuinyamazisha asubuhi. Nilikataa. Mashine ikishika, presha ya oili hupanda kwa sekunde chache na honi hunyamaza yenyewe, na tepu yake nilikuwa nimeshaitia mfukoni.