Barua za wahakiki zilizokuwa hazifiki

Jarida letu dogo hapa Bagamoyo, la historia na sanaa za pwani, tunaliendesha kwa Open Journal Systems, programu huria ya Public Knowledge Project. Leseni hatulipii hata shilingi. Mwandishi anapakia makala, mhariri anatafuta wahakiki, toleo linatoka, yote humohumo.

Miezi miwili tuliwalaumu wahakiki bure, kwamba hawajibu barua zetu za kuwaomba wasome makala. Hadi nilipompigia mhakiki wetu mmoja, mzee wa Tanga, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sijapata barua yoyote." Iliniuma, maana tulishaanza kumsema.

Chanzo ni hiki: barua zilitoka kwenye seva yetu (kompyuta inayoendesha tovuti ya jarida), lakini zikibeba anwani binafsi ya mhariri, ya Gmail. Seva inayopokea ikiona anwani na chimbuko haviwiani, huitupa barua kwenye taka au huikataa kabisa.

Nilinakili kwanza faili la mipangilio ya programu, config.inc.php (usiliguse kabla ya kulinakili), kisha nikashuka hadi sehemu ya barua pepe. Nikawasha SMTP, yaani njia ya kutuma barua kupitia seva ya barua pepe, nikaweka anwani ya jarida kwenye default_envelope_sender, halafu force_default_envelope_sender na force_dmarc_compliant_from, zinazolazimisha barua zitoke kwa anwani hiyo, nikaziandika On. Bado kimya. Kumbe mwanzoni mwa mistari ile kulikuwa na nukta mkato (;), na mstari wenye alama hiyo programu haiusomi. Nikazifuta moja moja, nikatuma tena.

Jioni simu ikaita. "Imefika, mwanangu. Makala yenyewe nimeshaanza kuisoma."