Ni Yeye Mwenyewe, au Ni Yule wa Maji?

Swali la Kaka Athumani limenikaa kichwani tangu usiku wa Jumatano, na kwa kuwa halitaki kunitoka, naliandika hapa huenda nikapata usingizi. Nilimpigia simu nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu majira ya baridi, nikamwambia bila hata kumsalimu vizuri kwamba Peter Parker, yaani Spider-Man wa vibonzo vya utoto wetu, amempata mpenzi wake Mary Jane, kwamba nimewaona kwa macho yangu wamesimama pamoja New York, na kwamba lile tulilolingoja tangu utotoni limetimia. Mombasa ilikuwa alfajiri, naye alikuwa ametoka kuswali. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Ni yeye mwenyewe, au ni yule wa maji?"

Sikuwa na jibu. Nilisema, "Ni yeye, Kaka, atakuwa nani mwingine?" Naye akasema, "Wewe umejuaje?" Tukaagana.

Wiki hii wifi amerudi nyumbani kutoka Muscat baada ya mkataba wake kwisha, mwanangu Yahya amemaliza mitihani, na kule nyumba ya wazee wamenirudisha zamu ya usiku; yote hayo nitayaeleza siku nyingine. Leo nataka kulishughulikia swali hili moja.

Wasomaji wangu wa zamani wanazikumbuka kanda za mjomba. Mjomba naye alikuwa Muscat miaka hiyo, akirekodi vibonzo kutoka kwenye dishi na kututumia kanda kwa kila aliyekuwa akisafiri kuja Mombasa, na ubavuni mwa kila kanda aliandika kwa wino wa buluu jina la mtoto aliyekusudiwa, si jina la kilichomo ndani. Kanda zangu na za kaka zilichanganya X-Men, lile kundi la mashujaa wa Profesa Xavier wenye nguvu za ajabu, na Spider-Man bila mpangilio, kipindi cha huku kikifuatwa na cha kule, hata tukaamini kwamba wote wale wanaishi mtaa mmoja. Kaka alimpenda Storm, yule mwanamke wa X-Men anayeamuru radi na upepo, kuliko wote, kwa sababu katika vitabu vyao mama yake ni Mkenya, na alikuwa akilisema jambo hilo mbele ya kila mgeni aliyeingia nyumbani. Mimi nilikuwa wa Spider-Man.

Basi ilikuwa kawaida yetu kumtafuta mmoja katika nyumba ya mwenzake. Mwaka 1994, katika hadithi ya Phoenix, ndani ya X-Men kuna mahali ambapo mkono wa Spider-Man unatokea, mkono tu, ukirusha utando, kisha basi. Kaka aliirudisha nyuma kanda hiyo mara nyingi mno, hata picha ikaanza kuwa na mistari mahali pale pale. Mwaka uliofuata mambo yakawa makubwa zaidi, kwani Spider-Man, ambaye mwili wake ulikuwa umeanza kubadilika, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la Profesa Xavier kuomba tiba, akapigana na Wolverine, mmoja wa X-Men, kabla ya kuelewana naye, kisha wakaenda pamoja kumtafuta Beast, mwenzao aliyekuwa ametekwa. Vilikuwa vipindi viwili vizima vya ugeni. Nilipokuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba sauti za X-Men zilirekodiwa Toronto, Kanada, ilhali Spider-Man alitengenezewa Los Angeles, niliuthamini ugeni ule hata zaidi, kwa sababu kuwakutanisha hakukuwa jambo la kuchora tu.

Sasa nije kwa Mary Jane. Mwishoni mwa msimu wa tatu wa Spider-Man, adui yake Green Goblin anamteka Mary Jane na kumpeleka darajani, na katika vurugu ile msichana anaanguka ndani ya mlango wa kwenda ulimwengu mwingine na kupotea. Baadaye anarudi, au ndivyo Peter anavyodhani, wanapendana upya, wanaoana, na mimi na kaka tuliishangilia harusi ile kama ya jamaa yetu. Kumbe yule bibi harusi hakuwa Mary Jane. Alikuwa nakala iliyotengenezwa maabara na Profesa Miles Warren kwa kutumia chembe za Hydro-Man, yule jambazi ambaye mwili wake ni maji, na siku moja akageuka mvuke mbele ya mumewe. Yeye mwenyewe hakujua kuwa si Mary Jane mpaka mwishoni kabisa. Nilikuwa mtoto, na sijawahi kusahau jinsi Peter alivyobaki akinyoosha mikono mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Kipindi cha mwisho kilionyeshwa Marekani tarehe 31 Januari 1998. Peter anauokoa ulimwengu wote na mingine isiyohesabika, kisha Madame Web, bibi mwenye uwezo wa ajabu aliyekuwa akimwongoza, anamwambia kwamba amestahili, na kwamba sasa watakwenda pamoja kumtafuta Mary Jane wa kweli. Wanaondoka. Hapo ndipo hadithi ilipokatikia. Hakuna msimu uliofuata, hakuna kanda iliyofuata, na mjomba alipoulizwa alisema kwamba amekwisha kutuma yote yaliyopo. Mimi nilikuwa nikisema atampata. Kaka alikuwa akisema ulimwengu mwingine ni mkubwa mno.

Ndiyo maana nilipiga kelele Jumatano hii, na Yahya akakimbia kutoka chumbani akidhani nimeungua. X-Men '97 ilianza kutoka tarehe 20 Machi mwaka huu wa 2024, ikiiendeleza hadithi ya zamani kutoka pale ilipoachwa, tena kwa baadhi ya sauti zile zile, Cal Dodd akiwa Wolverine, Lenore Zann akiwa Rogue na George Buza akiwa Beast. Nimeifuata kila Jumatano. Kipindi cha tano, kile cha kisiwa cha Genosha ambamo Gambit, mmoja wa X-Men, anakufa, kilitoka siku ya Idi, nikakitazama usiku baada ya wageni kuondoka na kulala nikiwa na kwikwi. Katika vipindi vya mwisho Spider-Man alionekana akiwa na vazi lake, kwa muda mfupi sana, na mashabiki wakaanza kuulizana kwa shauku iwapo huyu ndiye yule wetu wa miaka ile. Kisha, katika kipindi cha kumi, wakati ulimwengu mzima unafuatilia hatari inayoujia kutoka angani, tunawaona katikati ya watu Peter Parker asiye na barakoa, mwenye sura na nywele zile zile tulizozijua, na kando yake Mary Jane mwenye nywele nyekundu.

Hawasemi neno. Hawafanyi lolote. Picha inapita na vita vinaendelea. Lakini watu wa umri wangu, pande zote za dunia, waliisimamisha picha ile na kuipeleka kwa ndugu zao, na nimesoma maneno ya watu wazima wenye watoto na madeni wakisema kwamba wamelia. Ninawaelewa kabisa. Mgeni wa namna hii si pambo la kuuzia kipindi. Kuna mtu aliyekaa mezani akachora, akikumbuka kwamba kuna watoto walioachwa njiani miaka ishirini na sita iliyopita, na akaona kwamba hawafai kuachwa hapo. Wangeweza kumweka Peter peke yake na bado tungefurahi. Walimweka na mkewe.

Sasa fikirini, katika hali hiyo, kuulizwa kama ni yule wa maji.

Nimeyarudia maneno yale usiku kucha nikiwa kazini, nikigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka. Kinachoniumiza ni kwamba swali lenyewe lina nguvu. Mfululizo unaitwa '97. Harusi na yule wa maji ilionyeshwa mwaka 1997. Peter aliondoka kwenda kumtafuta wa kweli Januari 1998. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa kusimama naye New York mwaka 1997 ni yule yule wa maabara, na furaha yetu sote inakuwa furaha ya harusi ile ile tuliyodanganywa nayo mara ya kwanza. Kaka hajakiona kipindi hicho, amenisikiliza mimi tu kwenye simu, na bado aliuona ufa huo kabla yangu. "Wewe umejuaje?" Nimejuaje? Sura ni moja. Hata Peter hakuweza kuwatofautisha, naye alilala naye kitanda kimoja.

Ijumaa, nikiwa namsukumia Yahya sahani ya wali, nilimweleza tatizo langu. Yahya hakuwahi kutazama kanda za mjomba. Yeye ameanza na mfululizo huu mpya, na kwake Spider-Man ana sura nyingine kabisa. Aliendelea kula, kisha akasema, "Lakini Mama, mwanzoni kabisa wanasema umepita mwaka mmoja tangu wampoteze Profesa." Nikaacha kijiko. Kipindi cha mwisho cha X-Men ya zamani, kile ambacho Profesa Xavier anachukuliwa kwenda kwa Shi'ar, watu wa sayari ya mbali, akiwa mahututi, kilionyeshwa tarehe 20 Septemba 1997. Ongeza mwaka mmoja. Unafika 1998, miezi mingi baada ya Peter kuondoka na Madame Web. Yule wa maji ameshayeyuka. Anayesimama pale ni aliyetafutwa na kupatikana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilicheka kwa sauti, nikambusu mwanangu kwenye paji la uso huku akilalamika.

Nilimtumia kaka ujumbe wa sauti papo hapo, nikimpangia hoja yangu tarehe kwa tarehe. Jibu lake lilikuja nikiwa kwenye basi kuelekea kazini. Alisema, "Hapo sawa. Hapo umenishinda. Ni yeye." Lakini hakuizima simu vizuri, na ujumbe ukaendelea. Nikamsikia wifi akiuliza kutoka mbali kidogo ni nani huyo aliyepatikana, na kaka, ambaye kwenye simu huwa hasemi maneno kumi, akaanza kumsimulia tangu mwanzo: daraja, mlango wa ulimwengu mwingine, msichana kurudi, harusi. Alisimulia vizuri sana. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye maabara wifi akamkatiza, "Sasa huyo mume muda wote huo hakumjua kuwa siye?" Kaka akajibu, "Angemjuaje? Alirudi akiwa na kila kitu chake." Wifi hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Angemuuliza tu," na ujumbe ukakatika.

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sijui kama kaka anajua kwamba sehemu hiyo ilirekodiwa, na sijamwambia. Miaka minne wifi alikuwa kwenye nyumba ya watu, akituma fedha kila mwezi na kusema kwenye simu kwamba yuko salama, na sasa yuko jikoni kwake Mombasa akisikiliza habari za Mary Jane. Swali la alfajiri ile, lililoulizwa kwa sauti ya chini ili asiamshwe mtu, silisikii tena nilivyolisikia Jumatano. Ningependa wakitazame kipindi hicho pamoja, na nimeshamwambia kaka kwamba nitakapokuja Desemba nitakuja nacho, na kwamba tutaanza na vile vya zamani ili wifi asipitwe na kitu. Amekubali. Ameuliza kama Storm yumo. Nimemwambia yumo, na kwamba nguvu zake alizopokonywa amezirudisha.

Jambo jingine ambalo halihusiani na haya: mwenye nyumba ametuma barua kwamba kodi itapanda kuanzia Julai, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi kama tunabaki au tunahama. Nimeisoma mara mbili na bado sijui nitamjibu nini, kwa sababu shule ya Yahya iko hapa karibu, na zamu ya usiku inalipa zaidi kidogo, lakini si zaidi kiasi hicho.