Mbegu ya maharage: waliniambia niangalie urefu, mimi nikahesabu maganda

Ushauri umezagaa kila kona, eti ukitaka mbegu nzuri ya maharage chukua miche mirefu yenye majani mengi halafu okota punje kubwa kubwa ndo upande. Umenichosha huo! Majani hayaingii kwenye gunia. Mche ukishiba mbolea ya naitrojeni unarefuka tu, unalala, maganda unayatafuta kwa tochi.

Mi nilifanya hivi. Shamba lilikuwa la mbegu mchanganyiko (kama yako ni aina moja tupu usijisumbue, tofauti unazoziona ni za udongo), nikaligawa kwa kamba vipande vidogo vidogo, kila kipande nachagua washindi wake humo humo. Watu walinicheka sana na kamba zangu, ila bila hivyo ungekuta washindi wote wametoka pale palipowahi kurundikwa samadi, sasa hapo umechagua mche au umechagua samadi? Mistari ya pembeni sikuigusa kabisa, mche wa pembeni ni kama mtoto wa pekee mezani, mwanga wote wake, nafasi yote yake, lazima aonekane kidume.

Na usihesabu maua! Maharage hupukutisha zaidi ya nusu ya maua na viganda vichanga, na jua kali au ukame wakati wa maua ndo balaa kabisa. Subiri maganda yaanze kugeuka njano, bonyeza kwa kidole, lililo bapa halina kitu usilihesabu. Walioshinda nikawafunga uzi mwekundu, kila mche nikaupura peke yake kwenye bahasha yake, nikapima kwa mzani wa jikoni wa kuazima. Gharama hazifiki popote, ni uzi na bahasha tu.

Mzani ukasema: wenye maganda mengi yaliyojaa ndo wazito, na wengi wao ni wafupi wa wastani wenye matawi kuanzia chini. Yale mapunje makubwa ya kupendeza mengi yalitoka kwenye miche yenye maganda machache, chakula kimegawanywa kwa wachache lazima wanenepe.

Lakini idadi ya maganda inayumbishwa sana na mazingira kuliko uzito wa punje, kwa hiyo msimu uliofuata kila bahasha ikapata kamstari kake. Maharage hujichavusha yenyewe, mtoto anafanana na mzazi. Baadhi ya washindi wakarudi kuwa wa kawaida, kumbe ilikuwa bahati ya shimo, nikawapika. Waliorudia kubeba ndo navuna mpaka leo na wale wa "chagua mirefu" wanakuja kuniomba mbegu, hahaa.

Ah, mche wenye majani yenye mabaka ya kijani na njano yaliyojikunja, hata ubebe vipi, usiufunge uzi, hiyo ni dalili ya kirusi na kinapita kwenye mbegu.