Fimbo ya Boneti

Nilipokwenda kuinunua Land Rover yangu, miaka sita iliyopita, nilikagua kila kitu ambacho mnunuzi wa gari kuukuu huambiwa akague. Nililala chini nikaigonga chesisi kwa bisibisi kutafuta kutu, nikachomoa kijiti cha oili nikainusa, nikawasha injini ikiwa baridi na kuitazama rangi ya moshi. Muda wote huo mwenye gari alisimama pembeni ameishikilia boneti kwa mkono mmoja, nami nikadhani ni ukarimu wake tu. Kumbe fimbo ya kuitegemeza haikuwepo.

Gari lenyewe ni Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ambayo huitwa mia na tisa kwa sababu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna inchi 109, nayo ina injini ya petroli ya lita 2.25. Nilipomuuliza yule bwana kuhusu fimbo, alinijibu bila kusita kwamba aliing'oa mwenyewe kwa kuwa ilikuwa ikimpigia kelele. Maelezo yake nilikuja kuyaelewa baadaye. Katika gari hili fimbo imefungwa mbele, juu ya paneli inayoshika rejeta, na boneti inapofungwa hulazwa kwenye kibanio chenye mpira. Mpira ukichakaa na kibanio kikalegea, fimbo huanza kugonga bati kwa kila shimo la barabara, na kwa barabara zetu za changarawe hiyo ni ngoma ya kutwa nzima. Badala ya kutafuta kipande cha mpira, mtu akaitupa fimbo.

Nami sikuwa na akili zaidi yake, kwa maana kwa karibu miaka miwili nilitumia kijiti cha mgunga, nilichokimenya magome na kukikata kwa urefu wa kufikia kutoka kwenye paneli ya rejeta hadi kwenye ubavu wa ndani wa boneti. Kilikaa nyuma ya kiti pamoja na jeki. Injini hizi hutaka kufunuliwa mara kwa mara, iwe ni kupima oili, kuongeza maji, kusafisha platini au kukaza mkanda wa feni, kwa hiyo nilikizoea kile kijiti kiasi cha kuona kwamba ndicho sehemu halali ya gari.

Siku kilipoangusha boneti nilikuwa nje kidogo ya Makuyuni, nikirudi Karatu. Mshale wa joto ulikuwa umepanda, nikaegesha kando ya lami, nikafungua boneti na kuona kwamba mkanda wa feni umelegea. Nililegeza bolti ya alteneta, nikaivuta alteneta nje kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto nimeushika ukingo wa paneli ya mbele ili nipate nguvu. Basi la abiria likatokea mbele yangu kwa kasi na kunipita. Upepo wake uliingia chini ya boneti na kuinyanyua. Boneti ikarudi nyuma karibu iguse fremu ya kioo, kijiti kikaanguka chini kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kukandamiza, kisha boneti ikarudi kwa uzito wake wote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kati ya boneti na paneli. Hakuna mfupa uliovunjika, lakini kucha ya kidole cha kati ilidondoka baada ya wiki mbili, na hadi leo iliyoota mahali pake ina mfuo katikati.

Fundi ninayempelekea gari ni mzee aliyezishika Land Rover tangu akiwa kijana. Aliutazama mkono wangu, akautazama mgunga, akakigeuza kijiti mara mbili kama mtu anayekagua muwa sokoni.

"Mwalimu, mti huu unazuia boneti isishuke tu," alisema. "Nani anaizuia isipande?"

Swali lake ndilo lililonifungua macho. Bawaba za boneti hii ziko nyuma, karibu na kioo, kwa hiyo mdomo wake hufunguka kuelekea mbele. Upepo ukitoka nyuma ya gari huigandamiza boneti juu ya fimbo, na hapo hata kijiti kitavumilia. Upepo ukitoka mbele huingia chini ya boneti na kuibeba kama tanga, na fimbo ambayo haikushikwa juu huachwa ikielea. Tangu siku hiyo, nikilazimika kusimama mahali pa wazi, huligeuza gari nyuma yake ielekee upepo, hata kama nitaonekana mtu wa ajabu kwa kuegesha nikitazama upande nilikotoka. Mwinamo nao una maneno yake: pua ya gari ikiwa imepanda mlima, boneti husimama karibu wima na msukumo mdogo tu unaweza kuilaza kwenye kioo.

Kutengeneza fimbo mpya kulichukua asubuhi nzima, ingawa mtu angedhani ni kazi ya dakika kumi. Mzee alichagua chuma cha mviringo cha milimita 10, si nondo ya ujenzi yenye mistari, kwa sababu mistari ile hulila tundu. Aliniagiza niinue boneti mpaka yeye aweze kusimama chini yake bila kuinamisha kichwa, kijana wake akapima kwa kamba, kisha wakakata chuma kikiwa kirefu kuliko kamba kwa upana wa vidole vinne. Ncha ya chini waliitoboa ili ipite bolti ndogo yenye kotapini, kipini cha kuizuia isichomoke. Ncha ya juu waliipasha moto hadi ikawa nyekundu na kuikunja, nayo waliikunja kupita pembe mraba, ikarudi ndani kidogo kama ndoana. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Ndoana ikishaingia kwenye tundu, boneti hata ikirushwa juu haiiachi; ili kuitoa ni lazima mtu aipandishe boneti kwa mkono mmoja na kuizungusha fimbo kwa mwingine.

Tundu nalo lilikuwa na tatizo lake. Kipande cha chuma kilicho chini ya boneti, ambacho fimbo huingia, kilikuwa kimelika mpaka tundu likawa na umbo la yai. Mzee alikifungua kwanza bolti zake mbili na kwenda kukichomelea washa, yaani pete bapa ya chuma, pembeni, mbali na gari, kwani bati la boneti ni la aluminiamu na halistahimili moto wa kuchomelea chuma. Magari haya yalipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na ndiyo maana bodi zake zilifanywa kwa aluminiamu. Faida yake ni kwamba boneti ni nyepesi na haipati kutu ya kahawia. Hasara yake niliiona palepale: mahali ambapo chuma kimegusana na aluminiamu kwa miaka mingi na unyevu ukapita kati yao, aluminiamu ilikuwa imegeuka unga mweupe unaochubuka kwa ukucha. Tulipokirudisha kile kipande tuliweka chini yake kipande cha tyubu ya baiskeli, na tyubu hiyohiyo ndiyo ikakatwa kuvika kibanio. Fimbo haigongi tena.

Palibaki suala la spea. Kama ilivyo kwa Land Rover nyingi za aina hii, tairi la akiba lilikuwa limefungwa juu ya boneti, na tairi la 7.50-16 pamoja na ringi yake ya chuma huzidi kilo 30. Boneti tupu naiinua kwa mkono mmoja. Yenye spea huniinamisha mgongo, na fimbo hubeba uzito ambao siutaki juu ya kichwa changu. Wapo wanaosema kwamba Land Rover bila tairi usoni si Land Rover, na nakiri kwamba picha zake hupendeza zaidi likiwa pale. Nimelihamishia ndani, nyuma ya viti, ambako linakula nafasi ya magunia mawili, na mke wangu hajaacha kunikumbusha hayo magunia.

Kuna jambo ambalo fimbo mpya haikulizuia. Wiki ya tatu tu baada ya kuifunga, nilishusha boneti nikiwa nazungumza na simu, bila kuilaza fimbo kwenye kibanio chake. Ilikuwa imesimama nusu, ikaisukuma boneti kutoka ndani, nami nikadhani ni ugumu wa komeo nikaikandamiza kwa viganja viwili. Aluminiamu ikishavutika hairudi yenyewe. Sasa upande wa kulia, shubiri moja kutoka ukingo wa mbele, pana kinundu cha ukubwa wa nusu limau. Mzee alikipapasa kwa kidole gumba, akasema angeweza kukigonga kwa nyundo ya mbao lakini rangi ingepasuka, kisha akaniuliza nilikuwa nazungumza na nani.

Nilimwambia ni mwanangu, aliyekuwa akiuliza gari linaendeleaje.