Kushuka kwa vyombo ukitokea Tanga: makosa huanza mapema

Kushuka kwa vyombo ni kuileta ndege uwanjani kwa kufuata vipimo vyake, mawingu yakiwa yamekufichia njia ya kutua. Kwa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Tanga, Pemba haifiki maili 50 za baharini, Unguja haifiki 70, na Dar ni kama 105. Ukiwa na mwendo wa noti 150 (maili za baharini kwa saa), safari ya Unguja haimalizi nusu saa. Toa dakika za kupanda. Toa na za kushuka: kutoka futi 7,000 unahitaji maili 21 hivi, ukihesabu maili tatu kwa kila futi elfu. Kinachobaki hapo katikati ni dakika chache mno, na ndani yake rubani aliye peke yake anatakiwa apate hali ya hewa, apange redio, asome chati, aongee na mnara na bado aishike ndege ndani ya mawingu ya masika.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo makosa mengi ya kushuka kwa vyombo yanapozaliwa, wala si kwenye mkono unaotetemeka maili mbili kabla ya kutua. Chati isomwe chini, injini ikiwa imezimwa: masafa ya redio, uelekeo wa mwisho, kiwango cha chini (urefu usioruhusiwa kuupita ukishuka kama hujaiona njia), na hatua mbili za kwanza za kughairi kutua, hizo uzijue kwa kichwa. Angani ubakiwe na upepo na QNH tu, yaani presha ya hewa unayoiweka kwenye altimita, kipimo cha urefu, ili isome urefu juu ya usawa wa bahari. Ukifika karibu na mwanzo wa mteremko wa mwisho bado unabonyeza vitufe, omba mzunguko wa kusubiri. Mzunguko mmoja ni dakika nne, na hakuna mwongoza ndege anayekudharau kwa hilo.

Sasa QNH. Tuseme mnara umesema 1009, wewe ukasikia 1019. Karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali ni takriban futi 28, kwa hiyo kosa ni futi 280, tena upande mbaya: altimita inakuonyesha uko juu kuliko ulivyo. Kiwango cha chini cha ILS ya kawaida, mfumo wa redio wa uwanjani unaokuonyesha mstari na mteremko wa kutua, ni futi 200 juu ya kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kutua. Maana yake magurudumu yanaweza kugusa chini wakati altimita bado inasema hujafikia kiwango hicho cha chini.

ILS angalau inakupa nafasi ya kulinasa kosa hilo. Mteremko wa nyuzi 3 ukiwa maili nne kutoka kizingiti unakuweka kama futi 1,320 juu yake. Ongeza mwinuko wa uwanja, linganisha na chati. Sindano ya mteremko iko katikati lakini altimita imepishana na chati kwa futi mia mbili na zaidi? Kuna kitu hakiko sawa, panda. Lakini kwenye taratibu za kushuka kwa setilaiti (GPS) ambazo mteremko wake unakokotolewa kutokana na altimita, ulinganisho huo haukusaidii kitu, kwa sababu mteremko wenyewe umeshuka pamoja na kosa na namba zote zitakubaliana vizuri kabisa. Mei 2022 karibu na uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, Airbus A320 ilipewa 1011 badala ya 1001 na ikafika futi 6 tu juu ya ardhi kabla ya njia, marubani hawaioni, ndipo ikapanda. Hiyo ilikuwa na redio altimita, inayopima urefu juu ya ardhi kwa mawimbi ya redio. Ndege zetu nyingi ndogo hazina.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuondoka Tanga, weka altimita isome mwinuko wa uwanja, kisha uandike QNH inayoonekana kwenye kidirisha. Pwani hii presha haibadiliki sana ndani ya saa moja. Ukipewa namba iliyopishana na ile kwa zaidi ya tano, uliza tena, na isome kwa sauti tarakimu moja moja.

Kosa jingine linalorudi kila mara ni chanzo cha sindano. Umeweka masafa ya ILS, umesikiliza herufi zake za utambulisho, kila kitu safi, ila sindano bado inafuata GPS. Mstari utaonekana mzuri, mteremko hautakuja kamwe, na wewe utakaa unausubiri huku maili zikiisha. Ndugu yake ni umbali: GPS inakupa maili hadi kituo kinachofuata, wakati jedwali la chati huenda linahesabu kutoka DME (kituo cha redio cha kupimia umbali) au kizingiti. Ukichanganya, unashuka hatua moja mapema.

Kasi ya kushuka haina siri: mwendo wa ardhini mara tano. Noti 90 ni futi 450 kwa dakika, noti 120 ni 600. Kusi ikikusukuma mgongoni, namba inapanda. Ukihitaji futi 1,000 kubaki kwenye mteremko, ghairi.

Kuna desturi moja siipendi hata kidogo: kujichorea mstari wa GPS kutoka baharini hadi njia ya Tanga na kushuka chini ya mawingu kwa hoja kwamba baharini hakuna mlima. Kweli hakuna. Ila maili za mwisho zina minara ya simu ambayo hakuna aliyekupimia, na ukipitiliza kuelekea magharibi, Usambara Mashariki haiko hata maili 30, na vilele vyake vinafika mita 1,500.

Kughairi kutua kuna mtego wake. Ukisukuma nguvu yote ndani ya wingu au usiku juu ya maji, sikio la ndani linakudanganya kwamba pua imeinuka mno, na mkono unataka kuishusha. Usiusikilize mwili, tazama upeo bandia, kipimo kinachoonyesha mkao wa ndege: nguvu, pua juu, flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa) uzikunje hatua kwa hatua, hakikisha altimita inapanda. Caravan iliyotrimiwa (iliyosawazishwa isihitaji nguvu ya mkono) kwa flapsi zote itavuta pua juu kwa nguvu, basi tayarisha mkono na trimu. Kisha kumbuka kuwa GPS nyingi husimamisha mfuatano wa vituo pale pa kughairi, na zitaendelea kukuonyesha mstari ule ule wa mbele mpaka ubonyeze kitufe cha kuziachia. Redio inafuata baada ya hapo.