Nami Nitauangalia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne iliyopita, saa saba kasoro mchana, kelele za watoto zilinitoa nje. Jua lilikuwa karibu utosini, limezungukwa na duara kubwa, jekundu upande wa ndani, likififia kuwa jeupe kwa nje. Mtaa mzima ulikuwa barabarani na simu mkononi. Wengine walipiga picha, wengine walishaanza kutangaza mwisho wa dunia. Mama mmoja jirani yangu, ambaye masika iliyopita maji yalimbomolea ukuta wa nyumba na kubeba mahindi yake yote, alikuwa amekaa kibarazani, khanga mdomoni. Akaniuliza, "Mwalimu, Mungu ametukasirikia tena?"

Neno hilo "tena" limenikaa moyoni wiki nzima.

Nilimweleza ninachokijua. Juu sana kuna mawingu membamba kama pazia, na hayo si ya matone ya maji bali ya chembe za barafu, maana hata juu ya nchi zetu za joto, huko kuna baridi kali. Mwanga wa jua ukipita ndani ya chembe hizo hupinda, ndipo duara linajichora nyuzi 22 kutoka kwenye jua. Nikamwambia anyooshe mkono, alizibe jua kwa dole gumba (jua halitazamwi kwa macho makavu, wapendwa, tuwakanye watoto), halafu atanue kiganja. Kidole chake cha mwisho kikafika karibu kabisa na duara. Akatulia kidogo. Naumia tunapoyafanya mambo ya mbinguni kuwa fimbo ya kuwatishia watu ambao tayari wamelowa.

Ila tangu siku ile nimekuwa nikiwaza upinde wenyewe, ule wa Nuhu. Saa saba mchana hatuuoni angani, kwa sababu jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42 upinde unazama chini ya upeo wa macho. Kwetu ni jambo la asubuhi na jioni, nawe uwe umelipa jua mgongo na mvua iko mbele yako. Wala hakuna tone moja linalobeba upinde mzima. Tone linapoanguka, likiwa juu hukuletea nyekundu, likishuka kidogo hukuletea njano, kisha kijani, kisha buluu, hadi zambarau, halafu limepita, na jingine limeshika nafasi yake. Upinde unasimama umetulia, huku kila kinachoutengeneza kinaanguka. Nikakumbuka wazee walioanzisha jumuiya hii yetu. Wengi wao hawapo.

Jambo jingine: watu wawili wakisimama bega kwa bega, kila mmoja anapokea mwanga wa matone yake. Upinde wako si wangu. Kwa hiyo sikuweza kumwambia mama yule, "Tazama kama ninavyotazama mimi." Ukuta wangu haukuanguka.

Nikarudi Mwanzo 9. Zamani nilisoma pale kana kwamba ishara imewekwa ili sisi tuitazame na tukumbuke. Someni tena mstari wa 16: "nami nitauangalia nipate kulikumbuka agano la milele." Anayeangalia ni Mungu. Hata siku ambayo sisi tumejifungia ndani tukikinga maji kwa ndoo, Yeye anatazama. Na agano hilo ni la kila chenye mwili, mbuzi na kuku wakiwemo. Kiswahili chetu nacho kinatusaidia: upinde ni silaha, ni ule wa upinde na mshale, na Kiebrania cha pale kinatumia neno lile lile la silaha. Mwenyewe kauweka mawinguni, wala hapatajwi mshale.

Sisemi kwamba agano linazuia mto usifurike. Mama yule analijua hilo kuliko mimi. Mungu aliahidi kwamba gharika haitaharibu tena wote wenye mwili, na kwamba atakumbuka. Siwezi kumwongezea maneno ambayo Mungu hakuyasema.

Alhamisi nilimkuta akifua. Povu lilikuwa limejaa beseni, na kila kipovu kina rangi zinazozunguka, kwa sababu ngozi ya povu ni nyembamba kuliko unywele na mwanga unarudi kutoka nje na kutoka ndani yake kwa pamoja. Ndizo rangi zile zile za oili chafu ya bodaboda juu ya lami iliyolowa. Nilimwonyesha. Akasema, "Kumbe ziko hata kwenye maji machafu," akaendelea kukamua shuka.

Jana jioni kikanyesha kimanyunyu huku jua linawaka, na upinde ukasimama upande wa mashariki, mzima, mguu mmoja nyuma ya mwembe wake. Alikuwa ametoka na mjukuu wake. Mtoto akanyoosha kidole. Mama akamdaka mkono upesi, kwa maana sote tulikua tukiambiwa ukiunyooshea upinde kidole kitaoza. Akaushikilia kitambo. Kisha akauachia, nao wakaanza kuhesabu kwa sauti: nyekundu, chungwa, njano.