Siku moja wodini, na kinyama cha bibi

Saa 10:30 alfajiri. Naamka. Nakaa Mbagala, na Barabara ya Kilwa haina huruma kwa mtu aliyechelewa. Chai nitaikuta kazini.

Saa 1:15 asubuhi. Tunakabidhiana zamu, wodi ya upasuaji ya wanawake. Kitanda cha 6 yuko bibi wa miaka 78 kutoka upande wa Mkuranga. Faili linasema puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imetoka nje. Mwenyewe anasema "kinyama". Amekaa nacho miaka minne, kila akitoka chooni anakirudisha kwa mkono, ndani ya nguo kakunja kipande cha khanga. Waliojua walikuwa wawili tu, na wote walimwambia ni bawasiri. Mizizi aliyochemshiwa haina idadi.

Bawasiri ikitoka, huwa na vinundu na mistari inayokimbilia katikati, kama chungwa lililokatwa. Puru ikitoka yote, mikunjo yake inazunguka duara kama ngata. Ndiyo maana daktari wetu humchuchumaza mgonjwa na kumwambia ajikamue. Akilala kitandani, kinaweza kujificha kabisa.

Saa 2:00. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Watanipasua tumbo?"

Hapana. Angekuwa na nguvu zake wangepitia tumboni, puru ivutwe juu na kufungwa kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga. Lakini moyo wake umechoka. Yeye wataingilia chini, kwa ganzi ya mgongo: utando wa ndani unavuliwa, msuli unashonwa ukunjane kama pazia, kisha unarudishwa ndani. Namwambia pia kwamba njia hii ni nyepesi kwa wazee, ila kinyama huweza kurudi. Daktari akaongeza kuwa aliyeieleza ni Delorme, daktari wa jeshi la Ufaransa, mwaka 1900.

"Huyo Mfaransa naye alikuwa na bibi?"

Saa 4:00. Thieta, chumba cha upasuaji. Kwa kuwa yuko macho, kila baada ya muda anauliza kama adhuhuri imeingia.

Saa 6:20 mchana. Dharura. Mama mwingine, chake kimetoka tangu usiku, kimevimba, hakirudi. Nikaagiza sukari jikoni. Binti yake akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikakimwagia sukari ya kawaida, ya chai, tukasubiri. Sukari huvuta maji ya uvimbe. Kikanywea, daktari akakisukuma taratibu kikaingia. Lakini kikishakuwa cheusi hatuchezi na sukari, ni thieta haraka. Na tafadhali, msijaribu nyumbani.

Chai yangu, nilipoikumbuka, imepoa na haina sukari.

Saa 8:30. Bibi karudi wodini, miguu bado mizito kwa ganzi.

Saa 9:45 alasiri. Naongea na mjukuu wake: maji ya kutosha, mboga za majani, dawa ya kulainisha choo, asijikamue, na wiki 6 asiguse ndoo. Kuhusu choo kumponyoka, kunaweza kupungua, ila kwa miezi, si kesho. Mjukuu anaandika kwenye simu. Hakuwahi kujua, alidhani bibi kaacha kwenda harusini kwa sababu ya magoti.

Nikiwa nabeba mkoba, bibi ananiita kwa kidole.

"Kimo ndani?"

"Kimo, bibi."

"Hebu funua uangalie tena."

Nikavuta pazia, nikaangalia tena.